Skrini ya Mezani kwa Felisian

Mimi dharau sikuzaliwa nayo. Hii niliyonayo nimefundishwa na Felisian, mkurugenzi wa kampuni yetu ya kupima mashamba hapa Majengo, Sumbawanga, mtu anayejiona mpaka anasahau kuitikia salamu.

Kompyuta ya kuchorea ramani tunayo moja tu. Inatumia Linux, na nyuma ina matundu matatu ya skrini. Nikaomba skrini mbili za ziada, maana kuchora mpaka wa shamba huku picha ya anga imejificha chini yake ni kazi ya kuumiza macho. Zilipofika, Felisian akachukua ile kubwa akaipeleka mezani kwake. Kwetu vyombo hugawanywa kwa cheo. Nikamweleza, kwa heshima zote, kwamba skrini si kompyuta.

"Atupele, usinifundishe kazi," akasema. "Unachokiona wewe, na mimi nikione."

Haya. Nikapitisha waya juu ya ukuta wa mbao unaotenganisha vyumba vyetu, nikaandika amri ya mstari mmoja, skrini yake ikawa inaiga ya kwangu kwa kila kitu. Akaitandikia kitambaa cha kufuma, akaigeuza kidogo ili na wageni waione. Kisha akadai mausi. Nikamchomekea ya pili. Balaa tupu. Mshale ni mmoja, mimi navuta huku, yeye anavuta kule, mpaka siku nzima hatukuchora hata banda la kuku. Jioni nikaichomoa mausi yake, waya wake nikauacha unaning'inia nyuma ya meza yake.

Jamani, hakugundua. Mimi nachora huku, yeye kule anaisukuma mausi yake mfu, anaona ramani inasogea, anafurahi. Akawa anawatambia wageni kwamba siku hizi ramani anachora mwenyewe. Mtu mzima, vyeti vimejaa ukutani, tai shingoni. Nilisonya mpaka midomo ikachoka.

Ningeendelea kumcheka tu, kama si shamba la mzee Kasmir. Mzee huyu analima njia ya kwenda Chala. Shamba lake ni hilo moja, la mahindi na ulezi, analolima kwa intumba, yale matuta ya duara ya Wafipa, na hati hana. Jirani yake ni shemeji yake Felisian, mfanyabiashara wa mahindi, aliyenunua shamba juzi tu na tayari jicho lake limeshavuka mpaka. Tulipokwenda kupima, majirani wote walikubaliana kwamba mpaka ni kwenye kichuguu, na shemeji mwenyewe akaitikia kwa kichwa. Kilichobaki ni mzee na mwenyekiti wa kijiji kuja kuiona ramani na kusaini. Wakishasaini, hati itafuata mstari huo, na hakuna atakayemsikiliza mzee tena.

Wakaja asubuhi, mzee, binti yake Bertilla na mwenyekiti. Nikawaamkia, wakaingia kwa Felisian, akaanza kuwaonyesha skrini yake. Mara simu yake ikalia. Akatoka kuipokea koridoni, na sauti ya shemeji yake naijua, ile haihitaji spika. Kisha akaja chumbani kwangu, akafunga mlango, akainama.

"Sogeza mstari," akaninong'oneza. "Utoe kwenye kichuguu, upeleke mpaka kwenye mfereji."

Kati ya kichuguu na mfereji ndiko yaliko matuta yote ya ulezi wa mzee. Damu ikanipanda kichwani. Nikamuuliza kama anataka sasa hivi, wageni wakiwa mle ndani. Akasema ndiyo, kabla hajarudi kuwaonyesha. Kwa akili yake, skrini iliyoko mezani kwake haitikisiki bila mkono wake. Ningeweza kumkumbusha, lakini alishaniambia nisimfundishe kazi.

Nikaukamata mstari nikausogeza taratibu sana, kama mtu anayevuta kitanda asimwamshe mtoto. Ukapita juu ya matuta, ukaenda, ukafika kwenye mfereji. Ng'ambo ya ukuta viti vikakwaruza sakafu. Ndipo tukaisikia sauti ya mzee Kasmir, haina haraka.

"Mwenyekiti, tazama. Shamba langu linaondoka."

Felisian akatoa macho. Akaniangalia, akauangalia waya unaopanda ukutani, akatoka mbio. Nikaachia mausi nikamfuata, sikutaka kusimuliwa.

Mle ndani wote walikuwa wamesimama. Felisian akacheka kicheko kikavu, akasema ni hitilafu ndogo ya mitambo, atairekebisha mwenyewe muda huu huu. Akaketi, akakamata mausi yake, akaisukuma kuelekea kichuguu. Mstari ukakaa palepale. Akaisukuma tena, akaipigapiga mezani, jasho linamtoka na baridi yote ile ya Sumbawanga. Bertilla alikuwa akimtazama bila kupepesa.

Mzee akainama nyuma ya meza, akaushika ule waya unaoning'inia, akauvuta polepole mpaka ncha yake ikatokea. Akamwekea Felisian mkononi.

"Mwanangu, hii haijafungwa popote," akamwambia. "Anayechora ni nani?"

Mwenyekiti akanigeukia pale mlangoni. Nikasema ni mimi, na nikasema pia ni nani aliyenituma na wapi ameniambia niupeleke. Kisha nikarudi kwenye kiti changu, nikaanza kuurudisha mstari, wao wakiufuatilia kwenye skrini ya bosi. Ulipofika kwenye kichuguu, mzee akasema kutoka ng'ambo ya ukuta, "Hapo. Acha hapo."

Nikaacha, nikachapisha. Wakasaini wakiwa wamesimama, na Felisian akasaini wa mwisho. Skrini kubwa sasa iko kwangu. Aliileta mwenyewe, amesahau kukitoa kitambaa.