Kichwa Changu, Nadhiri Yake

Mume wangu Elango alipougua ini, mama yake, Vadivu, alimwahidi mungu Murugan kwamba mwanawe akipona, nywele zitanyolewa na kutolewa sadaka hekaluni kwake mlimani. Nywele zangu. Zake hazikumjia akilini, wala za mgonjwa mwenyewe. Elango akapona, nami niliambiwa tunakwenda kushukuru tu, mpaka nilipofikishwa mlangoni mwa ukumbi wa vinyozi.

"Nadhiri ni yako, mama," nikamwambia. "Kichwa ni changu."

"Nadhiri ikishatamkwa mbele ya Murugan haivunjwi, hata kama umeiweka kwa niaba ya mtu mwingine," akasema. "Ukiivunja, mume atarudi kitandani, na mjane utakuwa wewe."

Nikamtazama Elango anitetee. Akapapasa masharubu yake, yale anayoyapaka mafuta kila asubuhi hata kabla ya kunywa kahawa, akasema nywele si zitaota tu.

Nikakaa chini, maana ujane si jambo la kubahatisha. Kinyozi akanimwagia maji, akakata msuko wangu pamoja na maua ya asumini niliyoyavaa asubuhi, akautupa kapuni. Kisha wembe ukaanza kazi. Nililia kwa hasira, na mama mmoja aliyekuwa akinyolewa kando yangu akanisifu kwamba nina imani kubwa. Ningekuwa na nguvu ningemzaba kofi. Kisha wakanipaka kichwani msandali, unga wa mti wa manukato uliokorogwa kwa maji, baridi kama udongo.

Nilipotoka, Elango alinitazama mara moja akageuka pembeni. Akasema nijifunike kwa sari mpaka tufike nyumbani, maana pale kwenye maduka kuna watu wanaomfahamu.

Hapo damu ikanichemka. Mwanamume amepona kwa nywele zangu, sasa anaona haya kutembea na upara wangu! Nikaingia kwenye foleni ya kwenda mbele ya Murugan kichwa wazi, wao wawili nyuma yangu. Kuhani alipoinua moto mbele ya sanamu yake, nikapaza sauti watu wote wasikie.

"Murugan, nywele zangu zikiota tena, mume wangu atakuletea masharubu yake."

Elango akaufunika mdomo kwa kiganja. Akamgeukia mama yake, akamwomba aseme kwamba hiyo haihesabiki.

Mama mkwe akauinamia ule moto, viganja vimekutana.

"Imeshatamkwa," akasema.

Njia nzima ya kushuka mlima Elango alilalamika kwamba watu watamcheka.

"Usijali, baba," nikamwambia. "Si yataota tu?"