Nyota Mbili kwa Anayengoja

Ninahakiki michezo ya mapenzi ya Kiingereza, ile ya kusoma hadithi na kuchagua majibu kwenye kompyuta. Kiingereza nilikiokota Sakania, mpakani, kwa wateja wa mama kutoka Zambia. Huruma kwa waandishi wavivu sikuiokota popote.

Mwezi uliopita mchezo mmoja niliupa nyota mbili kati ya tano. Mchumba ananyamaza siku kumi na moja, na kila jioni msichana anampakulia chakula. Niliandika: mwanaume akinyamaza siku tatu amekuacha, na mwenye akili hapakulii kiti kitupu.

Wiki iliyofuata vita vikaingia Goma. Guelord, mchumba wangu, alikuwa huko kuwachukua wajomba zake waje kuniposa. Simu yake haikuita tena.

Leo, siku ya kumi na mbili, mtunzi wa mchezo ule ameniuliza kwa adabu arekebishe nini. Nilikuwa bado natafuta jibu mama alipokaa mezani. Nyumbani tuko wawili tu.

“Perpétue, hii sahani ya tatu iko ya nani?”

Nilifunika bukari ya Guelord, ugali wetu wa huku, isipoe, nikamwandikia mtunzi: usibadilishe kitu.