Watu wa Kuazima

Wifi yangu, mtaa mzima unamwita Sukari. Mimi nimekaa naye tangu nilipoolewa na kaka yake, na nasema hata sukari huozesha meno. Lakini nani atanisikiliza? Mama mkwe akila kwangu husema chakula kizuri, kisha anaongeza, "Ila Sukari naye anajua kupika huyo." Nikimshonea gauni, anasifiwa yeye alivyopendeza, fundi hatajwi. Ndiyo, nina kijiba cha roho. Wenye roho nyeupe nao wasimulie yao.

Halmashauri ilipotangaza ruzuku kwa vikundi vya mtaani, nilijua Mungu ameniona. Kikundi chetu cha ushonaji kiko kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la vipuri. Tupo watatu: mimi, mjane wa seremala na binti wa muuza mkaa. Mashine ni mbili, moja imekufa kabisa. Nyingine mkanda wake umekatika, kwa hiyo mmoja anazungusha gurudumu kwa mkono, mwenzake anaongoza kitambaa. Mwenye chumba alishatuambia kwamba mwezi ukiisha hatujalipa, anamwingiza fundi simu. Bila ruzuku ile, kikundi kilikuwa kimekwisha.

Sukari naye akaomba. Ana kikundi cha wazee wanaokutana ukumbi wa kata kunyoosha viungo. Kunyoosha viungo! Wazee wanainua mikono, wanaishusha, wanacheka, wanarudi nyumbani. Na kwa hilo anataka kugombania fungu moja na watu wanaotoboka vidole kwa sindano.

Sasa, hapa kwetu siku ya ukaguzi tunaazimana watu. Kikundi cha watu wanne kinaamka kimejaa hadi mlangoni, na kesho yake kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Hakuna anayeona aibu. Hata mlinzi wa ukumbi siku hiyo hupanga viti vya ziada bila kuambiwa.

Jioni ya kuamkia ukaguzi Sukari akaja kwangu.

"Wifi, niazime wale akina mama wa upande wako," akasema. "Asubuhi wakae kwangu, mchana mimi mwenyewe nakuja kukujazia chumba."

"Hilo tu? Wewe kalale, wifi yangu."

Alipotoka tu nikajitanda khanga, nikapita mlango kwa mlango. Nikawaambia akina mama kwamba ukaguzi wa Sukari umeahirishwa, wasihangaike kwenda ukumbini, waje kwangu mchana. Nilirudi nikalala usingizi wa mtoto.

Asubuhi nikapita karibu na ukumbi kama mtu anayekwenda kununua chumvi. Nikachungulia dirishani. Viti vilikuwa vitupu safu kwa safu, na pale mbele palikuwa na wazee wachache wameinua mikono. Afisa wa halmashauri alikuwa katikati yao, koti amelivua, naye kainua mikono. Sikumwangalia sana. Niliangalia vile viti, roho yangu ikatulia. Baada ya aibu ile, nikajua, Sukari hatakanyaga kwangu leo.

Mchana chumba kilijaa. Akina mama walibanana kwenye mabenchi, kila mmoja na kipande cha kitambaa mkononi, wengine wamekishika kama leso ya kufutia jasho. Nilikuwa nawapanga vizuri mlango ukafunguliwa. Sukari huyo, anatabasamu, uzi na sindano mkononi.

"Nimechelewa, wifi? Ahadi ni deni."

Kabla sijamrudisha mlangoni alishakaa mbele ya ile mashine iliyokufa, na afisa yuleyule akaingia nyuma yake. Alitusalimia. Akatazama huku na huku, macho yakatua kwake.

"Mama, mimi na wewe si tumeachana asubuhi? Na huku nako ni mwanachama?"

Mchimba kisima nilikuwa nimeshaingia, hata kamba sina.

Sukari akasimama taratibu. "Hapana, bwana afisa. Mimi ni wa kuazimwa, na hawa akina mama pia. Wanachama ni watatu tu, na mashine inayofanya kazi ni moja, nayo inazungushwa kwa mkono. Tumekuja kwa sababu tunawapenda."

Nilitamani kumshika shingo. Nikasema moyoni, amejua, na sasa amenilipa. Akina mama wakaanza kukusanya khanga zao, mmoja baada ya mwingine wakatoka, Sukari wa mwisho. Tukabaki watatu katikati ya mabenchi matupu.

"Haya," afisa akasema, akakaa. "Nionyesheni kazi."

Mjane wa seremala akashika gurudumu, mimi nikashika kitambaa, tukashona sare ya shule tangu kola hadi pindo. Binti wa muuza mkaa akatia vifungo. Afisa hakutikisika mpaka tulipomaliza.

"Wiki nzima naonyeshwa umati," akasema. "Leo ndio nimeona vikundi viwili. Kile cha wale wazee, na hiki."

Tukapata ruzuku, sisi na wao. Chumba tukakilipia, mashine mpya zikaja. Wenzangu walicheza mpaka vumbi likapanda. Mimi nilicheza pia, lakini nikajua fungu langu limetoka kinywani mwa Sukari. Kama angeninunia tu, ningefurahi zaidi.

Na mteja wetu wa kwanza kwenye mashine mpya unadhani alikuwa nani? Alikuja kushonesha sare za wazee wake, akaanza na yake. Nikachukua futi kumpima mabega.

"Wale akina mama wako," akasema, ameninyooshea mkono nimpime, "waliniuliza kwa nini uliwaambia ukaguzi wangu umeahirishwa."

Futi ilinitoka mkononi. Nikainama kuiokota, nikachelewa kuinuka.

"Ukawajibu nini?"

"Nikawaambia mimi ndiye niliyekutuma."

Alisema hivyo kama mtu anayesema kesho ni Jumanne. Hakutaka shukrani, hakutaka samahani. Nilikuwa na kosa moja, langu mwenyewe, nalo alishalibeba kwenda nalo kwake, na mtaa mzima sasa unasema wifi wawili wale wanavyosikilizana.

Nikampima kiuno. Ni chembamba kuliko changu.