Kushoto Juu ya Kulia

Kazi yangu ni kuvalisha watalii kimono, joho la Kijapani linalopishanishwa kifuani. Duka letu liko kwenye mteremko wa kupandia hekalu la Kiyomizu, na kila asubuhi wanamiminika: wachumba walionuniana, majitu marefu yasiyo na saizi. Nawafunga mshipi, wanapanda kupiga picha mpaka simu zizime. Upande wa kushoto juu ya wa kulia, siku nzima. Kulia juu ya kushoto huvalishwa maiti tu. Mtalii akijivalisha hivyo, bibi yeyote wa Kyoto atamvuta kando amrekebishe bila hata kumsalimu.

Mama alifariki Jumanne. Sikulia. Dada yake, Mama mkubwa Hatsue, alinikata jicho siku mbili, kisha uzalendo ukamshinda.

"Wewe Chinatsu, una moyo au una jiwe?"

"Sijui, Mama mkubwa."

Kweli sikujua. Mwili mzima ulikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Siku ya kumtia mama kwenye jeneza, mtu wa mazishi alitaka amvalishe yeye. Mama mkubwa akamtoa nje. "Tuna fundi wetu. Kanywe chai."

Nikapewa kimono nyeupe, nikafanya kazi. Nikanyoosha kola, nikakunja, nikakaza, nikafunga. Kisha nikarudi nyuma kidogo nimtazame, kama ninavyomtazama mteja.

Mama mkubwa akashika kichwa. "Balaa gani hili! Umemvalisha aende wapi?"

Nikaangalia. Kushoto juu ya kulia.

"Kesho anachomwa, wewe unamvalisha kama anakwenda kutembea Kiyomizu! Atapokelewaje huko na nguo za walio hai?"

"Hajawahi kwenda Kiyomizu," nikasema. Mama aliishi chini ya hekalu lile maisha yake yote. Kila nilipomwita twende, alisema limejaa watu, tungoje wapungue.

"Mimi nakuambia hili, wewe unaniletea lile. Fungua!"

Nikafungua mshipi. Nilivuta upande wa kulia kwanza, kwa mazoea, nikakosea tena. Mama mkubwa akanichapa kofi mkononi. Halafu akaushika mkono uleule, akauongoza taratibu, tukavuta wote wawili mpaka upande wa kulia ukalala juu. Sasa alikuwa maiti. Nilimwona, na ganzi ikaanza kuachia, ikaniuma kifuani vibaya sana.

Nikafunga mshipi upya. Mdomo wangu ukauliza wenyewe, kama unavyomwuliza kila mteja kabla hajatoka:

"Haikubani?"

Nikainama karibu na uso wake, nikangoja ajibu. Na Mama mkubwa, ambaye hanyamazi hata akiwa anakula, akanyamaza, akangoja pamoja nami.