Gundi Nyeusi ya Hilda Entwistle

Gari lilikuwa limeshapita geti la kiwanda, linateremka kutoka Oldham kwenda Stockport na mapipa matatu ya gundi nyeusi nyuma, Hilda Entwistle alipokumbuka kuwa hakufunga mlango wa maabara. Dermot, dereva, hakupunguza mwendo. Alisema mwizi wa kuiba kipima-uji, ile mashine yake ya kupima uzito wa gundi, bado hajazaliwa.

Miaka thelathini na minane Hilda alikuwa amepima vitu vizito vinavyotiririka: rangi, lami, mpira ulioyeyushwa. Hakuna aliyewahi kumrudishia kipimo. Lakini miezi mitano iliyopita Daktari Nasreen alianza kutia grafini kwenye gundi, ile kaboni ya vipande vyembamba hata macho hayavioni, na vipimo vikawa vigeugeu. Pipa lilelile, mara laini kama mafuta ya kula, mara zito kama uji uliolala. Kiwandani walinong'ona kuwa mikono ya bibi imechoka. Nasreen, aliyebanwa katikati ya kiwanda na Hilda, alikuwa amemwambia bila kupindisha: gundi ikigoma leo mbele ya Bwana Fairclough wa kampuni ya maji, mradi wa grafini unafungwa, na Hilda anastaafishwa.

Walipofika, Nasreen na Fairclough walikuwa tayari hapo, na bomba la chuma lenye kutu lilikuwa limefunuliwa shimoni, likisubiri kupakwa ndani. Hilda alikoroga, akapima, kipimo kikawa safi. Wakajaza mpira wa pampu. Saa nne ikagonga. Katika nchi ile saa nne haina mjadala: pampu ilizimwa, chai ikamiminwa, mikate ya nyama ya nguruwe ikatoka kwenye karatasi.

Dakika ishirini baadaye pampu ilinguruma, na hakikutoka hata kijiko.

"Imeganda," alisema Fairclough. "Irudisheni Oldham mkazibie mapaa yenu."

Nasreen akatazama viatu vyake.

Hilda aliweka kiganja kwenye pipa. Baridi. Gundi inayoganda hupata joto, hilo alilijua kabla Nasreen hajazaliwa. Akazamisha kasia, akalivuta kama mtu anayeng'oa mguu topeni. Akavuta tena na tena. Ghafla gundi ikalegea, ikazunguka bila ubishi.

"Haijaganda, bwana. Imelala."

Alifungua daftari lake. Kila kipimo kibaya kiliandikwa saa nne na dakika ishirini, au saa tisa na dakika ishirini. Alikuwa akiweka gundi kwenye mashine, anakwenda kunywa chai ya saa nne au ya saa tisa, anarudi kupima. Rangi na lami hazikuwahi kujali. Hii ilijali. Ikitulia, vile vipande vya grafini huegemeana kama abiria waliosinzia kwenye benchi la stesheni. Ukiikoroga vinajilaza kufuata mkondo, inapita.

"Miezi mitano," alimwambia Nasreen, "nimekuwa nikipima mapumziko yetu. Mikono yangu haina kosa."

"Nisamehe, mama," alisema Nasreen.

Hilda hakuwa na nafasi ya kusamehe. Aliamuru pampu isukume mbele, irudi nyuma, mbele, nyuma, mpaka kilicholala ndani ya mpira kikaamka. Kisha akapiga marufuku mtu yeyote kuizima pampu tena. Fairclough akauliza kuhusu chakula cha mchana.

"Bomba likishakula, bwana."

Saa nane bomba lote lilikuwa jeusi, linang'aa. Fairclough alimulika tochi ndani, upande wa juu, akitafuta mahali gundi ilipochuruzika, kama gundi zote za zamani zilivyofanya. Hakuona tone. Hilda alimweleza taratibu, kidevu juu: ikishatua ukutani inalala tena, na pale ndipo tunapotaka ilale. Yule mtu akavua kofia ya kazi. Akampa mkono Hilda kwanza, Nasreen baadaye.

Kampuni ya maji iliagiza mapipa arobaini. Fairclough alistaafu mwaka uliofuata, akahamia Southport. Nasreen alipata kazi ya kufundisha Leeds. Dermot aliumia mgongo, akaacha udereva, anafuga njiwa Rochdale. Hilda alifanya kazi miaka minne zaidi, akaacha kwa hiari yake. Amebadilishwa nyonga moja, na bado anaishi Oldham.