Dhananjay na Mkewe Mbele ya Mtihani

Kaka yangu Dhananjay alifanya mtihani wa kazi ya serikali mara nne hapa Patna, na mara zote nne maarifa ya jumla yalimwangusha. Mwaka wa tano mkewe, Sunaina, akawa anamsomea maswali huku akisukuma chapati.

"Jimbo gani huona jua kwanza asubuhi?"

"Gujarat."

"Huko ndiko linakomalizikia, bwana. Ni Arunachal."

Alijibu bila hata kutazama kitabu. Dhananjay akanuna, akamwambia kama anajua sana basi naye ajaze fomu. Sunaina akanawa unga mikononi, akajaza.

Matokeo yalipotoka, jina la Sunaina lilikuwamo, la mumewe halikuwamo. Mama akamuuliza mwanawe kwa upole, "Sasa utafanyaje, mwanangu?"

Dhananjay akaenda kununua vitamutamu vya laddu vya kuwagawia majirani. Kila mlango aliobisha alisema kwa kujidai, "Nimemfundisha mimi."

Kufikia Jumapili, majirani watatu walikuwa wamemletea mabinti zao awafundishe, naye akawapokea. Sunaina aliniomba nisiseme neno.