Sharti la Mama Mwenye Nyumba

Mama mwenye nyumba alinisalimia mimi, akaniuliza mimi kama nimekipenda chumba. Mpangaji mwenyewe, binti wa kaka yangu, alikuwa keshakizunguka chote kwa kiti chake cha magurudumu, akipima kwa macho mahali pa kuweka cherehani. Ni fundi wa nguo, na duka analoshonea liko mtaa huohuo. Kutoka kwangu, anakoishi, ni mbali. Kila asubuhi humngoja dereva ambaye akiamka vibaya hapokei simu. Hiki kilikuwa chumba cha chini, mlango mpana, choo ndani. Alikitaka kweli, usoni ilionekana.

"Chumba kizuri, ila si cha mgonjwa," mama mwenye nyumba akaniambia.

"Mgonjwa nani? Huyu ana afya kunishinda mimi. Ni miguu tu haimbebi."

"Hapo mlangoni kuna ngazi."

"Nitaweka ubao wa kupandia," binti akasema. "Nikihama, nahama nao."

"Akianguka je?" Bado alikuwa akiniuliza mimi. "Watu watanisema. Hapana, sitoi."

Ulimi wangu hauna breki. Nilimpa mama yule vidonge vyake vya maneno, tukaondoka bila chumba. Hadi barabarani binti alijisukuma mwenyewe, mbele yangu.

Aliyekwenda kushtaki kwenye baraza la nyumba ni yeye. Mimi ningeishia kupiga kelele. Tukaitwa sote, tukaketi kuizunguka meza moja na msuluhishi, baba mmoja mpole anayesugua miwani yake kila anapotaka kusema jambo zito. Akaisugua, akaeleza kwamba sheria haimruhusu mwenye nyumba kumnyima mtu chumba kwa sababu ya ulemavu wake. Na ubao ule, maadamu hauharibu nyumba, ni haki ya mpangaji kuuweka.

Mama mwenye nyumba alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, nalisema hilo ingawa linanikwama kooni. Alikuwa mwoga tu.

"Haya, nakubali," akasema. "Lakini asikae peke yake. Shangazi yake ahamie naye."

Hasira zote zikaniisha. "Hilo halina neno, dada. Godoro langu nimeshalifunga."

Sikuwa natania. Nilikuwa nimefunga na sufuria, na majirani nimewaaga.

Msuluhishi akachukua tena miwani. "Mama, wapangaji wako wengine nao umewaambia waje na shangazi zao?"

"Wale si wazima?"

"Basi na huyu usimwambie. Sharti ambalo wengine huwapi, huwezi kumpa yeye kwa sababu ya kiti chake." Akamgeukia binti. "Wewe mwenyewe unasemaje?"

Binti hakumtazama yeye wala mama mwenye nyumba. Alinitazama mimi.

"Nataka kuishi peke yangu."

"Na ukianguka je?" nikamuuliza.

Maneno yalishatoka. Mama mwenye nyumba akaitikia kwa kichwa, akaniunga mkono kama tuliokuja pamoja. Nikaona haya mpaka masikio yakapata moto.

"Nikianguka nitakupigia simu, shangazi," binti akasema taratibu. "Na Jumapili uje kula, nipike mimi."

Iliniuma, siwezi kuficha. Nimemlea tangu hajaota meno, na sikuwahi kufikiri kwamba nyumba aliyokuwa akitaka kuihama ni yangu.

Mama mwenye nyumba alifungua mkoba, akatoa ufunguo. Mkono wake ukaja kwangu, kwa mazoea. Nikaiweka mikono yangu mapajani, nikaiacha hapo, mpaka yeye mwenyewe akaona na kuupeleka kwa mpangaji wake.